Paka na Mbwa wa London Waliouawa Kabla ya Bomu la Kwanza

Ndugu msomaji, vita vikisimuliwa huhesabiwa watu, nyumba na ndege. Ni haki iwe hivyo, kwani roho ya binadamu haina mfano. Lakini nyumba inapopigwa bomu huwamo pia viumbe wasiojua vita ni kitu gani: paka jikoni, kuku uani, mbuzi bandani, punda kwenye kamba yake. Wao huwaje?

Wengi wetu tungejibu haraka: hufa kwa mabomu kama wanavyokufa watu. Jibu hilo ni kweli nusu tu. Ukifuatilia yaliyotokea katika miji iliyopigwa mabomu, utaona kwamba wanyama wengi hawakuuawa na bomu lenyewe. Waliuawa na uamuzi wa watu waliojawa na hofu, au na njaa baada ya kufungiwa na kuachwa. Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vyote ni cha London, mwaka 1939.

Wiki moja ya Septemba

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939, siku ya Jumapili. Katika wiki ile ya kwanza, kabla ya bomu hata moja kuanguka London, wakaazi wa mji ule waliwabeba paka na mbwa wao wenyewe wakawapeleka kuuawa. Watu walipanga foleni nje ya zahanati za wanyama, wengine wamemshika mbwa kwa kamba, wengine wana kikapu chenye paka ndani.

Mwanahistoria Hilda Kean, aliyekichunguza kisa hiki na kukiandikia kitabu kilichotoka mwaka 2017, anataja zaidi ya paka na mbwa 400,000 kwa London peke yake. Hiyo ni kama robo ya paka na mbwa wote waliokuwa wakifugwa mjini humo. Wako wanaotaja hesabu kubwa zaidi, hadi 750,000. Hebu tuishike ile ndogo. Raia waliouawa na mabomu katika Uingereza nzima, kwa miaka yote ya vita, walikuwa kama 60,000. Kwa hivyo, wanyama waliouawa na wenyewe katika wiki moja, bila bomu, walikuwa zaidi ya mara sita ya raia waliouawa na mabomu kwa karibu miaka sita.

Mizoga ilikuwa mingi hata kuitupa kukawa tabu. Shirika la PDSA, lililoanzishwa na Bi Maria Dickin mwaka 1917 kutibu bure wanyama wa maskini, lilitoa uwanja wake wa Ilford, mashariki mwa London, wakazikwa humo kwa wingi.

Nani alitoa amri?

Hapa ndipo penye funzo. Hakuna aliyetoa amri. Serikali haikupitisha sheria ya kuua paka wala mbwa. Kilichokuwepo ni kikaratasi cha ushauri.

Kabla ya vita kuanza, serikali ilikuwa imeunda kamati ya kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege, iliyojulikana kwa kifupi kama NARPAC. Kamati ilitoa mwongozo kwa wenye wanyama. Mwongozo ulianza vizuri: ikiwezekana, wapelekeni wanyama wenu mashambani mapema, mbali na miji itakayolengwa. Kisha ukaongeza kwamba usipopata wa kumwachia mnyama wako, jambo la huruma zaidi ni kumuua. Pamoja na maneno hayo palikuwa na tangazo la bastola ya kuulia wanyama bila maumivu. Ushauri ulichapishwa magazetini na kusomwa redioni.

Sasa jiweke katika nafasi ya mama wa London jioni ile. Watoto wake ameshawapandisha treni siku mbili nyuma, kwani kuanzia tarehe 1 Septemba watu kama milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, walihamishwa kutoka mijini. Wanyama hawakuruhusiwa kufuatana nao. Mume ameitwa jeshini. Ameambiwa kila mtu atembee na kinyago cha gesi, na paka hana kinyago. Ameambiwa chakula kitagawanywa kwa vipimo, na paka hatakuwa na fungu lake. Ameambiwa mahandaki ya umma hayatapokea wanyama. Mwaka wa 1937 alisoma habari za Guernica, mji wa Uhispania ulioteketezwa na ndege, na sasa anaamini ya Guernica yatamfika yeye kesho asubuhi.

Mtu katika hali hiyo hausomi mwongozo kwa utulivu. Sehemu ya kwanza, ile ya kupeleka mashambani, yeye hana jamaa shambani wala nauli. Inayobaki masikioni ni ile sentensi ya mwisho. Tena imeandikwa kwa neno tamu, huruma, kwa hivyo anayeifuata hajioni mkatili. Hujiona ametimiza wajibu.

Ndiyo maana si sawa kuwacheka watu wale, au kusema hawakuwapenda wanyama wao. Waliwapenda. Wengi walirudi nyumbani wakilia. Walichokosa si mapenzi, ila mpango, na mtu wa kuwaambia: subiri kwanza.

Mwaka mzima wa kimya

Baada ya wiki ile, mabomu hayakuja. Yalipita majira ya baridi na ya machipuko, na mashambulizi makubwa juu ya London hayakuanza hadi tarehe 7 Septemba 1940. Mwaka mzima! Paka aliyeuawa kwa kuhofia bomu la kesho angeishi miezi kumi na miwili zaidi, na kuna kila uwezekano angeishi hadi vita viishe, kama walivyoishi wengi waliobakishwa.

Madhara mengine yalionekana punde. Paka walipopungua, panya waliongezeka, na panya wakati wa vita ni adui wa ghala la chakula. Baadaye serikali yenyewe ilikubali kuwatengea paka waliolinda maghala maziwa ya unga yaliyoharibika, yasiyofaa kwa watu. Yule aliyeonekana mzigo mwaka 1939 akawa mfanyakazi wa taifa.

Na ile kamati ya NARPAC ilibadili mwendo. Ilianzisha utaratibu wa kuandikisha wanyama bure. Kila mnyama alifungwa shingoni kibati chenye nambari ili akipotea katika vurugu arudishwe kwa mwenyewe, na mitaani wakateuliwa watu wa kujitolea wa kuangalia wanyama. Kazi hiyo ndiyo iliyotakiwa kufanywa mwanzo. Ilikuja wakati mamia ya maelfu wameshazikwa.

Mabomu yalipokuja kweli

Kuanzia Septemba 1940, London ilipigwa usiku 57 mfululizo. Katika siku hizo, hatima ya mnyama ilitegemea sana nyumba ya mwenyewe. Aliyekuwa na uwanja nyuma ya nyumba alichimba handaki lake na kuliezeka mabati, na humo aliingia na mbwa wake na paka wake bila kuulizwa. Aliyekaa chumba cha kupanga alitegemea handaki la umma, na mlangoni mnyama alikataliwa. Wako watu waliokataa kuingia, wakalala nyumbani chini ya meza pamoja na mbwa, wakisema litakalokuja na litukute sote.

Barabarani bado kulikuwa na farasi wengi, wakivuta magari ya maziwa na makaa. Waendeshaji walitakiwa wawe na kamba, ili king'ora kikilia wamfungue farasi kwenye gari na kumfunga mahali imara asije akatimua mbio. Usiku taa zote zilizimwa ili ndege zisione mji, na giza lile nalo liliua. Wako wakulima waliowapaka ng'ombe wao mistari ya rangi nyeupe ili wasigongwe na magari.

Paka walishangaza wengi. Paka huizoea nyumba kama anavyomzoea mtu, na mara nyingi nyumba ilipoanguka alirudi kukaa juu ya kifusi. Anayekumbukwa zaidi ni paka wa kanisa moja karibu na St Paul's, aliyeitwa Faith. Siku chache kabla ya shambulio la tarehe 9 Septemba 1940 alimbeba mtoto wake kwa meno kutoka juu hadi chumba cha chini, na kila aliporudishwa juu, alimteremsha tena. Bomu lilipoliangusha jengo, kasisi aliambiwa hakuna kilichosalia. Alitafuta hata hivyo, akasikia mlio, akawakuta wote wawili hai chini ya vifusi na vumbi.

Waliosema subirini

Hata katika wiki ile ya Septemba 1939 wako waliokataa kufuata mkumbo. Makao ya mbwa ya Battersea, mjini London, yaliendelea kupokea na kulisha, na kufikia mwisho wa vita yalikuwa yamehudumia mbwa 145,000. Bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Duchess wa Hamilton, aliligeuza shamba lake la Ferne kuwa hifadhi, akawa anawatuma watu wake London kukusanya wanyama wa watu wasio na pa kuwapeleka.

Na walioachwa hai walilipa fadhila. Katika mtaa wa Poplar, mashariki mwa London, mlinzi mmoja wa mtaa alimlisha mbwa koko aliyemkuta ametelekezwa baada ya shambulio. Mbwa hakuondoka tena. Akaitwa Rip, na bila kufunzwa na yeyote akaanza kunusa vifusi na kuchimba penye watu waliozikwa hai. Inakubalika kwamba alisaidia kupatikana kwa watu zaidi ya 100. Mwaka 1945 alitunukiwa nishani ya Dickin, inayotolewa na PDSA kwa wanyama waliotenda makubwa vitani. Ni kutokana na mbwa kama huyu kwamba wakuu waliona faida ya kufundisha mbwa wa uokozi, wale tunaowaona leo kila jengo linapoporomoka.

Fikiria, ndugu msomaji. Ni mbwa wangapi wa aina ya Rip waliozikwa Ilford?

Bustani za wanyama: miji mitatu

Tuache majumbani, twende kwenye bustani za wanyama, kwani huko nako hofu na bomu vilifanya kazi kwa namna tofauti.

Bustani ya London, vita vilipotangazwa, iliwaua nyoka wenye sumu kwa kuhofia kwamba kioo kikivunjika watatawanyika mjini. Panda na ndovu walihamishiwa Whipsnade, nje ya mji. Bomu lilipofika kweli, Septemba 1940, liliangukia banda la pundamilia. Pundamilia mmoja akatoka mbio kuelekea mtaa wa Camden Town, nyuma yake mwanasayansi Julian Huxley, aliyekuwa katibu wa bustani, pamoja na wafanyakazi wake. Akarudishwa salama.

Berlin ni kisa kingine. Huko bomu ndilo lililoua. Mashambulizi ya Novemba 1943 yaliiteketeza bustani ya mji huo, na hadi vita vinamalizika walikuwa wamebaki wanyama 91 tu kati ya 3,715. Miongoni mwao ni ndovu mmoja, Siam, na kiboko mmoja, Knautschke.

Tokyo ndiko kunakouma zaidi. Agosti 1943 mkuu wa mji aliamuru wanyama wakubwa wa bustani ya Ueno wauawe, ati mabomu yakianguka wasije wakatoroka na kudhuru watu. Wakati huo mashambulizi makubwa juu ya Tokyo yalikuwa bado. Yalianza mwishoni mwa mwaka 1944. Ndovu watatu, John, Wanly na Tonky, walinyimwa chakula hadi wakafa. Tarehe 4 Septemba ilifanywa sherehe rasmi ya kuwaombolea wanyama waliouawa, na wakati watu wanahudhuria, ndovu wawili walikuwa bado wako hai ndani, wana njaa. Wa mwisho, Tonky, alikufa tarehe 23 Septemba. Wanahistoria walioichunguza amri ile wanaona ilikuwa na lengo jingine pia: kuwatia raia uzito wa vita moyoni. Wanyama walitolewa ili watu wafahamu kwamba mambo yamekuwa magumu. Mjini Nagoya, katika nchi hiyo hiyo, bustani ya Higashiyama iliwabakisha ndovu wake wawili, nao waliuona mwisho wa vita.

Baghdad na Gaza

Vita vya zama zetu vimeonyesha upande wa pili: mnyama kufungiwa na kuachwa. Mwaka 2003, majeshi ya Marekani yalipoingia Baghdad, bustani ya mji huo ilikuwa na wanyama takriban 650. Wafanyakazi hawakuweza kufika kazini, waporaji wakaingia, maji yakakatika. Baada ya siku chache walibaki kama 35, wengi wao wakubwa na wakali ambao mwizi hawezi kuwabeba. Lawrence Anthony, mhifadhi wa wanyama kutoka Afrika Kusini, alisafiri hadi huko kwa hiari yake, akashirikiana na wafanyakazi wa Kiiraqi kuchota maji kwa ndoo na kuwanywesha waliosalia.

Gaza, katika bustani ndogo ya Khan Younis, vita vya 2014 viliacha wanyama wengi wamekufa njaa kwa sababu mlishaji hakuweza kuwafikia. Mwenye bustani aliikausha mizoga akaiweka humo humo. Mwaka 2016 shirika la Four Paws liliwatoa 15 wa mwisho, akiwemo chui milia aitwaye Laziz, aliyepelekwa Afrika Kusini.

Na katika vita vilivyoanza Oktoba 2023, sote tumeona picha. Mafuta yalipokosekana, aliyebeba wazee, magodoro, maji na majeruhi ni punda. Hapo mnyama si wa kuchezea. Punda akifa, familia haina namna ya kuhama.

Upande mwingine, katika vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022, ilionekana tofauti kubwa na ile ya 1939. Nchi jirani zililegeza masharti ya hati na chanjo ili wakimbizi waweze kuvuka mpaka na paka na mbwa wao. Wengi hawakulazimika kuchagua mpakani kati ya mnyama wao na usalama wao. Hilo laonyesha kwamba jambo hili lina dawa, na dawa yake haihitaji mali nyingi. Yataka kufikiriwa mapema tu.

Na sisi je?

Najua yuko atakayesema: mbwa wa Kizungu watuhusu nini sisi watu wa Pwani, ambao wengi wetu hata mbwa hatumfugi ndani? Swali zuri. Kwanza, mabomu si hadithi ya kwao peke yao. Mwaka ule ule wa 1940 ndege za Italia ziliidondoshea Malindi mabomu. Pili, dini yetu imetufunza jambo hili kabla ya kamati yoyote. Tunaijua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie mwenyewe. Na tunaijua ya mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumpandishia maji kwa kiatu chake. Mnyama ni amana, na amana haiwi amana siku za raha tu.

Tatu, si lazima iwe vita. Mto Tana ukifurika, moto ukizuka kwenye makuti, watu wakihama kijiji usiku kwa ukosefu wa usalama, maswali ni yale yale ya London. Mbuzi wafunguliwe au wafungwe? Punda wa Lamu, anayebeba mawe, maji na mizigo ya mji mzima, ana nafasi gani katika mpango wa dharura? Paka wa Mji wa Kale, wanaosubiri vichwa vya samaki kila asubuhi, nani atawakumbuka?

Yako mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Usimwache mnyama amefungwa kamba au kufungiwa bandani unapokimbia. Kama huwezi kwenda naye, mfungue, kwani aliye huru ana nafasi ya kujiokoa. Tia alama punda na mbuzi wako, ili wakipotea wajulikane ni wa nani. Patana na jirani au jamaa wa mahali pa juu, leo, si siku ya maji kuingia. Weka kamba na kikapu mahali unapopajua gizani. Na ukiambiwa kuna hatari, uliza kwanza: hatari hiyo iko umbali gani, na tuna muda kiasi gani? Watu wa London hawakuliuliza swali hilo, na walikuwa na mwaka mzima.

Kwa wakuu wa kaunti zetu sita na kamati za maafa, ombi langu ni moja. Mnapoandika miongozo ya dharura, muwaingize maafisa wa mifugo tangu mwanzo, muonyeshe kwa jina mahali ambapo watu wataruhusiwa kufika na wanyama wao, na kila sentensi muisome kama atakavyoisoma mtu aliyeamshwa usiku na mtoto begani. Msiandike la mwisho bila kumpa la kwanza njia ya kutekelezeka.